Matairi ya baiskeli kwa majira ya baridi: anza na barabara yako

Nilikulia Shinyanga, na kule adui wa tairi anajulikana: mbigili. Ukipita kando ya shamba wakati wa kiangazi unarudi nyumbani unasukuma, na fundi hakuulizi kitu, anakusogezea beseni la maji utafute tundu. Nilipohamia Reading, Uingereza, nikaona lami kila mahali, nikadhani nimepumzika. Majira ya baridi ya kwanza nilipata pancha sita, nne kati ya hizo mwezi wa Desemba peke yake.

Naenda kazini Henley kwa baiskeli, kama kilomita 13, na zamu yangu ya kuhudumia wazee inaanza saa moja asubuhi. Desemba saa hizo ni giza tupu, na jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo pancha ya majira ya baridi si sawa na ya kiangazi. Inakukuta gizani, umelowa, vidole vimekufa ganzi.

Moja siisahau. Nilikuwa karibu na Shiplake, kijiji kilicho njiani kwenda Henley, mvua ya rasharasha. Nikabadilisha tyubu, nikajaza upepo, nikaondoka. Hata mita mia mbili sikumaliza, gurudumu la nyuma likalala tena. Kumbe sikutoa kilichotoboa. Nikapitisha kitambaa cha miwani polepole ndani ya tairi mpaka kikanasa: ncha ya mwiba, ndogo kuliko punje ya mchele, imezama kwenye mpira na kwa nje huioni kabisa. Tyubu ya akiba nilikuwa nimeshaitumia, na gundi ya kiraka haishiki mpira uliolowa. Nilikokota baiskeli mpaka kazini. Nilipofika, mzee ninayempelekea chai kila asubuhi alikuwa bado ananisubiri mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuchunguza vitu vinavyotoboa, na hapo ndipo nilipoelewa matairi. Barabara za vijijini huku zimezungukwa na ua wa miti ya miiba, mithili ya michongoma yetu. Sheria haimruhusu mkulima kuukata kati ya tarehe 1 Machi na 31 Agosti, wakati ndege wanapotaga na kulea makinda, isipokuwa kwa sababu maalumu. Basi kazi yote ya kukata inaangukia vuli na majira ya baridi, mashine inasaga matawi, na miiba inabaki barabarani. Kisha kuna gumegume. Eneo hili la kusini mwa Uingereza lina miamba ya chaki iliyojaa mawe hayo, yakivunjika yanakuwa na makali kama wembe, na mvua inayasukuma mpaka pembezoni mwa lami, palepale baiskeli inapopita. Maji yenyewe yanasaidia kukata. Kisu kilicholowa huteleza ndani ya mpira kwa urahisi kuliko kikavu, na jiwe ni hivyohivyo.

Sasa tairi. Linalozuia pancha ni mkanda uliofichwa chini ya mpira wa juu, na matairi yanatofautiana hasa kwenye mkanda huo. Schwalbe Marathon Plus lina tabaka la mpira la milimita 5, na uzito wake unazidi nusu kilo kwa tairi moja. Kwa mtu wa mjini, safari fupi, vioo vya chupa kila kona, ningemwambia achukue hilo bila kusita. Continental Grand Prix 4-Season linatumia nyuzi za Vectran, ambazo ni ngumu kukatika, na mbavu zake zimevikwa kitambaa cha ziada; lile la milimita 28 halifiki gramu 300. Mimi natumia hili la pili. Nina kilomita 26 kwenda na kurudi, na tairi zito nalisikia kwenye magoti kila kilima.

Jambo ambalo wengi hawaulizi dukani: je, unaweza kulivua tairi hilo kwa mikono iliyoganda? Lijaribu nyumbani kabla hujalitegemea njiani. Livue na ulivalishe mara mbili ukiwa umevaa glovu. Likikushinda sebuleni, barabarani litakushinda zaidi.

Meno ya tairi yasikusumbue. Tairi la baiskeli ya barabarani linaonekana kipara na watu wanaogopa mvua, lakini ni jembamba na lina upepo mwingi, halielei juu ya maji kama la gari. Kinachoshika lami iliyolowa ni aina ya mpira. Kwenye barafu hakuna la kuchagua kati ya haya, siku hiyo panda basi.

Upana na upepo vinaenda pamoja. Nilikuwa na matairi ya milimita 23 nikiyajaza PSI 110 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), magumu kama jiwe, na kila chenga ya kioo ilikuwa inaingia. Sasa nina 28, na kwa kilo zangu 72 najaza 75 nyuma na 65 mbele. Tairi laini kidogo hulikumbatia jiwe likapita. Usishushe mno lakini, maana ukiingia shimoni ringi itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Pima kwanza nafasi ya madigadi kabla ya kununua matairi mapana. Yangu yamepita kwa unene wa kidole.

Na hata ukinunua tairi bora, likague. Mara nyingi jiwe dogo halitoboi siku linapoingia. Linakaa, na kila mzunguko wa gurudumu unalisukuma ndani zaidi, siku nyingine hata wiki nzima. Jumapili natoa upepo kidogo, nafuta tairi, nawasha tochi na kufungua kila mkato kwa ncha ya sindano. Jumapili iliyopita nilitoa vipande vitatu vya gumegume. Kimoja kilikuwa kimeshafika kwenye nyuzi.

Matairi yangu mepesi ya kiangazi yamening'inia ukutani, nyuma ya mlango. Nitayarudisha Machi, mashine zikishaacha kukata ua.