Penseli, simu na kijana aliyenuna

Wiki hii maswali yote yamegusa vipindi vya kuchora kwa utulivu, vile ambavyo vijana hukutana nasi waelekezi mtandaoni, kila mmoja kwao na penseli yake.

Binti yangu wa miaka 14 anasema hajui kuchora. Nimlazimishe? (Mama, Mbagala)

Usimlazimishe, mama. Mwambie tu kwamba huku hakuna anayesahihisha. Sisi huanza hivi: tazama mkono wako wa kushoto, uchore bila kuangalia karatasi wala kuinua penseli, dakika tatu. Hutoka vituko, vidole sita, gumba kama kiazi, na watoto hucheka. Lakini dakika tatu zile jicho lilikuwa kwenye mikunjo ya ngozi, si kwenye matokeo ya mtihani. Siku nyingine tunachukua korosho ya kwenye kanga, tunaichora moja, nyingine, nyingine, mpaka ukurasa ujae. Mkono ukishika mwendo, pumzi nayo hutulia.

Kuna ushahidi, au ni porojo?

Upo, ila tusiutie chumvi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika picha. Kwa takriban robo tatu yao kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na wazoefu wa sanaa hawakuwazidi wageni. Lakini hao walikuwa watu wazima, ana kwa ana na mwelekezi, si vijana kwenye simu. Naamini inasaidia, kuponya ni neno jingine.

Si ndiyo kumwongezea simu? (Baba, Nakuru)

Iegemee kikombe, kamera ielekee karatasi, arifa zizimwe. Bando likiwa dogo, sauti peke yake inatosha.

Mwanangu alijaza ukurasa mzima rangi nyeusi. Sikulala. (Mama, Tanga)

Pole sana. Nyeusi peke yake haisemi kitu; pengine ndiyo kalamu iliyokuwa karibu. Kosa letu wazazi (nami nimelifanya kwa wangu) ni kuuliza "Hii ni nini?" kwa sauti ya polisi. Kaa naye, sema, "Nionyeshe ulipoanzia." Akinyamaza, nyamaza naye.

Cha kutisha hukioni kwenye karatasi: usiku halali, chakula hakigusi, anawakwepa rafiki zake kwa majuma, anagawa vitu vyake, anasema bora asingekuwepo. Hapo weka penseli chini. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Naruhusiwa kuzima kamera? (Kijana, miaka 16)

Zima. Na ukitaka kuuchana mchoro kipindi kikiisha, uchane, ni wako.