Umeomba hekima na hujasikia sauti? Soma hapa

Mtoa mada, nimekusoma: ndugu zako wanataka muuze nyumba ya urithi, umefunga na kuomba hekima, na hadi leo hakuna sauti wala ndoto. Sasa kuna mtumishi anataka sadaka kwanza ndipo akuombee. Unauliza kama Mungu amekunyamazia.

Sidhani. Wengi tunanukuu Yakobo 1:5 kana kwamba tumeahidiwa jibu la ndiyo au hapana. Kilichoahidiwa pale ni hekima. Mwangalie Sulemani, 1 Wafalme 3. Aliomba moyo wa adili, akapewa, halafu wakaja wale wanawake wawili wakigombea mtoto. Hakuna mahali Mungu alipomnong'oneza mama ni yupi. Sulemani aliwasikiliza wote, akayarudia maneno yao, ndipo akaagiza upanga uletwe mtoto akatwe vipande viwili; aliyemwonea mtoto huruma ndiye akajulikana kuwa mama.

Kwetu hapa Kigoma lilikuwa shamba la michikichi la marehemu baba, upande wa Mwandiga. Kaka anataka liuzwe, mdogo wetu hataki kusikia, na msimamizi wa mirathi ni mimi. Niliomba kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye dagaa zangu. Sauti haikuja. Likaja wazo tu, tena la kukera: nenda kwa shangazi. (Shangazi yangu ana mdomo, acha kabisa.) Nilimkuta anakamua mawese, mikono myekundu hadi viwikoni, wala hakuinuka. Akauliza, "Mwanangu, hizo chikichi sasa hivi anavuna nani?"

Vikao vyote vile, hakuna aliyeuliza hilo. Kumbe anavuna mama yetu wa kambo, na mawese hayo ndiyo ada ya mtoto wa mwisho wa baba. Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi: shamba libaki hadi mtoto amalize shule. Kaka bado ananuna kidogo, nisikudanganye.

Utajuaje wazo limetoka kwa Mungu? Mimi napimia Yakobo 3:17: hekima itokayo juu ni ya amani, ni ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu", haina unafiki. Wazo la kuwaficha ndugu zako hati ya nyumba, hata likikujia kwenye mkesha, achana nalo.

Na huyo mtumishi, mwambie Yakobo anasema Mungu huwapa wote "kwa ukarimu, wala hakemei". Hiyo sadaka ifanye nauli, ukaongee na anayeishi kwenye hiyo nyumba.