Bega langu, cherehani na masaji ya nguvu

Nashona huu mwaka wa 11, na mafundi wenzangu mtanielewa, ikifika Januari na oda za yunifomu unainamia cherehani toka asubuhi mpaka saa nne usiku, ukija kuinuka shingo haigeuki inabidi ugeuke mwili mzima. Mimi maumivu yalikuwa yanakaa pale kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bega la kulia, ukipapasa unakutana na kifundo kigumu kama harage. Nimemeza diklofenaki, hizi dawa za maumivu, weee mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Mara ya kwanza kwenda kuchuliwa, hii masaji ya kukandamiza wanayoita dipu tishu, niliangukia kwa kijana mmoja alinilaza tu akaanza na kiwiko, hata hajauliza naumwa wapi, nikilia ananiambia vumilia dada maumivu ndo dawa. Basi nikang'ata taulo nikavumilia. Kesho yake mgongo umevilia damu, siku tatu siwezi kuinua mkono nichane nywele.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mtu mzima, mteja wangu ndo alinielekeza. Huyu alianza na maswali: una presha? una mimba? unatumia dawa za kuyeyusha damu? mkono unakufa ganzi? Afu akapaka mafuta ya nazi ya uvuguvugu akawa anapitisha viganja tu, mgongo ulivyopata joto ndo akaweka dole gumba pembeni ya kile kifundo, akakandamiza akatulia hapo hapo, hasugui, anasubiri. Akaniambia, "Mwanangu unabana pumzi, na msuli nao unabana, tutashindana mimi na wewe mpaka jioni." Nikashusha pumzi, na kweli nikausikia unaachia wenyewe, kama donge la chapati ulilofunika likapumzika.

Kwa hiyo ukienda, sema. Kama maumivu ya juu kabisa ni 10, yakifika 7 mwambie apunguze, na ukijikuta umekunja ngumi au umebana pumzi ujue imezidi. Kuuma siku moja mbili baadae kama umetoka kulima ni kawaida, kuvilia damu hapana. Na wakikwambia wanakutoa sumu mwilini usilipie zaidi kwa ajili ya hiyo, anachofanya ni kuulegeza msuli uliokaza, ndo maana usipobadilisha kilichoukaza unarudi pale pale.

Ila jamani kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye kigimbi, usikubali mtu auguse, inaweza kuwa damu imeganda ndani, nenda hospitali. Mkono kuisha nguvu, au mgongo unauma na mkojo unakutoka bila kujua, hospitali haraka. Na shingo upande wa mbele asikandamize mtu.

Mimi nilienda kila wiki mwezi mzima, saivi naenda mara moja kwa mwezi. Lile stuli refu nililokuwa nakalia kushona nimelitoa, nakaa kiti kifupi chenye pa kuegemea ili nisiiname sana. Jioni naweka mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta naubonyeza dakika mbili tatu. Na kila uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani, ukiisha nasimama, nazungusha mabega mara kumi, ndo nakaa kujaza mwingine.