Kiroboto, Tunutu na Binadamu: Maswali Yenu Kuhusu Kuruka

Kiswahili kinatumia neno moja, kuruka, kwa ndege anayepaa na kwa chura anayechupa. Majibu haya yanahusu kuchupa peke yake: mnyama anaisukuma ardhi kwa miguu, anaachana nayo, na akishafika hewani hana tena cha kusukuma. Kila kitu kimeshaamuliwa kabla unyayo haujainuka.

Ni kweli kwamba kiroboto angekuwa na ukubwa wa mtu angeruka juu ya ghorofa? Darasa zima lilibishana. (Mwanafunzi, Morogoro)

Si kweli, ingawa maneno hayo yamerudiwa mno. Kiroboto wa paka ana urefu wa milimita 2 hadi 3 na huweza kuruka juu hadi karibu sentimita 20, yaani zaidi ya mara 60 ya urefu wake. Hadi hapo hesabu ni sahihi. Kosa linaingia pale mtu anapochukua hiyo mara 60 na kuizidisha kwa mita 1.7 za binadamu.

Kimo cha mruko hakifuati urefu wa mwili. Kinafuata nishati ambayo misuli inaitoa kwa kila gramu ya mwili inayopaswa kuinuliwa. Msuli wa mdudu na msuli wa mtu vinafanya kazi kwa namna moja, na gramu moja ya msuli hutoa nishati inayokaribiana kwa viumbe wengi. Sasa mkuze kiroboto mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Misuli yake inaongezeka mara 8, lakini mzigo wa kuinua nao umeongezeka mara 8. Faida hakuna. Endelea kumkuza hadi afikie kimo cha mtu na bado mruko wake utakuwa wa kiasi kilekile, kama ataweza kusimama kabisa, maana eneo la mkato wa mguu, ndilo linalobeba uzito, linaongezeka mara 4 tu kila uzito unapoongezeka mara 8. Mwitalia Giovanni Borelli alikwisha kuliona jambo hili katika karne ya 17.

Kipimo cha haki ni kasi ya kuachana na ardhi. Kijana mwenye mazoezi anayeruka sentimita 45 akiwa amesimama huondoka kwa kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde. Nzige wa jangwani naye huondoka kwa karibu mita 3 kwa sekunde. Kiroboto ni mita 1.9. Kwa hiyo katika hesabu inayoamua kimo, binadamu yuko sawa na nzige na amempita kiroboto. Tena mdudu mdogo hucheleweshwa sana na hewa, ambayo wewe ukiruka huihisi kwa shida.

Mwaka 2020 nzige walipovamia kaskazini mwa Kenya, tuliona tunutu wasio na mabawa wakiruka mfululizo. Mguu mwembamba vile unatoa wapi nguvu? (Msomaji, Isiolo)

Swali hili ndilo kiini cha mambo yote. Angalia kwanza ugumu wenyewe. Mtu anaporuka, miguu yake inasukuma kwa umbali wa karibu sentimita 40, na kazi hiyo huchukua zaidi kidogo ya robo sekunde. Nzige ana sentimita 4 au 5 tu za kusukumia, kwa hiyo akitaka kasi ileile lazima amalize kusukuma katika sekunde 0.03. Kiroboto ana sekunde 0.001. Hakuna msuli unaoweza kutoa nishati yake yote kwa haraka namna hiyo.

Jibu la wadudu ni manati. Mkono wako hauwezi kulirusha jiwe kwa kasi inayotoka kwenye manati, lakini unaweza kuuvuta mpira polepole, ukaushika, kisha ukauachia. Nzige hufanya hivi:

Kwanza anaukunja mguu wa nyuma hadi muundi ukutane na paja. Kisha misuli miwili inakaza kwa pamoja, ule mkubwa wa kukunjua goti na ule mdogo wa kukunja. Kwa kawaida mkubwa angeshinda mara moja, lakini goti likiwa limekunjwa kabisa pembe ya mvuto inampendelea mdogo, na ndani ya goti kuna kinundu ambacho kano ya msuli mdogo hujikita juu yake kama kitasa. Kwa hiyo goti halisogei. Msuli mkubwa unaendelea kuvuta kwa muda unaofikia hata nusu sekunde, na kwa kuwa goti limefungwa, mvuto huo unalipinda ganda gumu lenye umbo la mwezi mchanga lililo pembeni mwa goti, na kuinyoosha kano. Hapo ndipo nishati inapowekwa akiba. Mwishowe msuli mdogo unalegea ghafla, kitasa kinaachia, ganda linarudi katika umbo lake na mguu unafyatuka.

Kinachoharibu mruko huu mara nyingi ni ganda lenyewe. Tunutu aliyetoka kujivua ganda muda si mrefu huruka vibaya, kwa sababu ganda jipya bado ni laini na halishiki akiba. Misuli anayo, manati hana.

Kiroboto hutumia mpango huohuo, ila sehemu ya springi yake ni pedi ya rezilini, protini inayonyumbulika kama mpira na kurudisha karibu nishati yote iliyowekwa. Tunavutiwa zaidi na Issus, mdudu mdogo wa Ulaya anayefyonza mimea. Miguu yake miwili ikipishana hata kidogo katika kufyatuka, mwili ungezunguka kama pia badala ya kwenda mbele. Mwaka 2013 Malcolm Burrows na Gregory Sutton walieleza kwamba Issus mchanga ana meno ya gia kwenye mashina ya miguu ya nyuma, upande mmoja ukiuma upande wa pili, ili miguu yote iondoke pamoja. Akikomaa, gia hizo hutoweka anapojivua ganda kwa mara ya mwisho.

Funza naye huruka? Watoto wetu wanasumbuliwa miguuni tu. (Mzazi, Kigoma)

Funza ni jamii ya kiroboto, na anaruka, ila kwa udhaifu. Ndiyo maana vidonda vingi huwa vidoleni, kisiginoni na pembeni mwa kucha, na mara chache juu ya hapo, isipokuwa mtoto akikaa au kulala kwenye vumbi. Alitokea Amerika ya Kusini, akaingia Afrika kupitia Angola miaka ya 1870, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa kuwa haruki juu, kinga dhidi yake huwekwa chini: viatu vilivyofunika mguu mzima (ndala hazitoshi), sakafu isiyo na vumbi, na mbwa na nguruwe wasilale ndani ya nyumba kwa sababu nao humbeba. Tafadhali msichokonoe kwa pini moja inayopita kutoka mtoto hadi mtoto. Pini hiyo hueneza maambukizi, na kidonda kilichochimbwa ni mlango wa pepopunda. Ulizeni kituo cha afya kuhusu mafuta ya dimetikoni, ambayo hupakwa juu ya funza na kumuua bila kuchimba.

Bingwa wa kweli ni nani basi, ukiondoa wadudu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kuruka wima kutoka alipo, tunampa komba. Ni yule komba mdogo wa usiku, mwenye macho makubwa na uzito wa gramu 200 hivi, ambaye wengi humsikia kuliko kumwona. Amepimwa akiruka mita 2.25. Ili kufika hapo lazima aondoke kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya kijana wetu wa sentimita 45. Siri yake ni tatu: misuli ya mapaja ni sehemu kubwa ya uzito wake, mifupa ya unyayo imerefuka isivyo kawaida hivyo ana umbali mrefu wa kusukuma, na kano zake huhifadhi nishati wakati akijikunja, kisha huitoa kwa mkupuo. Yaani ana msuli mzuri na manati pia.

Swala pala huruka mita 3 juu na mita 10 mbele. Kwa nini basi tunawasifu wanariadha? (Msomaji, Arusha)

Takwimu hizo za swala zimo katika vitabu vingi, lakini nyingi ni za kukadiria kwa macho porini. Mtu aliye ndani ya gari hapimi kwa futi kamba. Tulinganishe na mnyama aliyepimwa kwa sheria za mashindano.

Februari 5, 1949, huko Viña del Mar nchini Chile, farasi Huaso akiwa na mpandaji wake Alberto Larraguibel aliruka kizuizi cha mita 2.47. Javier Sotomayor wa Cuba aliruka mita 2.45 mjini Salamanca mwaka 1993. Tofauti ni sentimita 2. Kwa mruko mrefu, rekodi ya farasi iliyowekwa Johannesburg mwaka 1975 ni mita 8.40. Mike Powell wa Marekani aliruka mita 8.95 mjini Tokyo mwaka 1991. Hapo binadamu ameshinda waziwazi.

Ni kweli kwamba farasi alibeba mtu mgongoni, na mwanariadha anazo mbinu zake. Sotomayor ana urefu wa karibu mita 1.95, kwa hiyo kitovu cha uzito wake (mahali ambapo uzito wote wa mwili unasawazika) kilikuwa zaidi ya mita 1 kutoka ardhini kabla hajaruka. Alichokiinua ni karibu mita 1.3. Tena anayevuka kwa mgongo hukunja mwili kama upinde, kichwa kikishuka upande wa pili wakati miguu haijavuka, na kitovu cha uzito kinaweza kupita kwenye usawa wa ufito au hata chini yake. Powell naye hutua kwa kutanguliza miguu na kukaa mchangani. Swala akitua hivyo ameliwa. Yeye hutua kwa miguu iliyo tayari kukimbia, na sehemu ya uwezo wake inaishia huko.

Vijana wa Kimaasai kwenye adumu, ngoma yao ya kuruka, huruka mara nyingi bila kuonekana wakijikunja. Wanafanyaje? (Msomaji, Nairobi)

Tazama visigino vyao: havigusi chini. Kila wanapotua, kano ya kisigino inavutika, na kabla haijapoa inarudisha ilichopokea. Ni kanuni ya kangaruu, ambaye akiongeza mwendo kwa kuruka, matumizi yake ya oksijeni hayapandi sana kama ya mnyama anayekimbia. Jaribu mwenyewe. Chuchumaa nusu, tulia sekunde 3, kisha ruka. Halafu simama wima, shuka haraka na uruke bila kutulia. Mruko wa pili utakuwa juu zaidi. Ukitulia chini, akiba ya kano inapotea kama joto. Anayeanza kuigiza adumu hukosea kwa kupiga kisigino chini au kukunja goti sana, na vyote viwili huchelewesha mguu ardhini.

Nawezaje kupima mruko wangu bila vifaa vya maabara? (Kocha wa shule, Mombasa)

Tumia simu yenye video ya mwendo wa polepole. Iweke chini, usawa wa viatu, mita 2 hivi pembeni. Rekodi kwa picha 240 kwa sekunde. Tafuta picha ya kwanza ambayo vidole vya mguu vimeachana na ardhi, kisha picha ya kwanza vinapogusa tena, na uhesabu picha zilizo katikati. Gawanya kwa 240 upate sekunde. Zidisha sekunde hizo kwa zenyewe, kisha kwa 122.6, upate sentimita. Picha 120 ni sekunde 0.5, yaani sentimita 31. Picha 144 ni sekunde 0.6, yaani sentimita 44.

Usitumie video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde. Kukosea picha moja tu hapo ni tofauti ya sentimita 4, wakati kwa picha 240 ni nusu sentimita. Kosa kubwa zaidi ni la mrukaji: akikunja magoti hewani, miguu inachelewa kugusa na anajipatia sentimita za bure. Mwambie atue miguu ikiwa imenyooka kama alivyoondoka, ndipo akunje.

Ni kweli tembo hawezi kuruka? (Msomaji, Kampala)

Tembo mzima haruki. Hata akienda kasi ya kilomita 25 kwa saa, angalau mguu mmoja uko chini. Ila msimwunganishe na kiboko. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kiboko akitimua mbio, miguu yote minne hukaa hewani kwa hadi asilimia 15 ya kila hatua.

Buibui anayeruka ukutani ana misuli gani? (Mwanafunzi, Bukavu)

Ya kukunja anayo, ila katika viungo vikuu vya mguu hana ya kukunjua. Hukunjua kwa kusukumia maji ya mwili ndani ya miguu ya nyuma, shinikizo linapanda ghafla na miguu inanyooka. Kabla ya kuruka hugandisha uzi wa utando pale alipo, ili akikosa asianguke mbali. Na ukimwona buibui aliyekufa, miguu huwa imejikunja ndani: shinikizo limekwisha, na hakuna msuli wa kuinyoosha.