Msizipe mita zote mbegu moja

Wiki hii nimewakuta tena vijana wetu wawili juu ya paa, wanainua antena ya getiwei, kituo kinachopokea kwa redio taarifa za mita zetu za umeme, kwa sababu "mita hazifiki". Shukeni, wadogo zangu. Pakiti, yaani ujumbe mfupi wa mita, zilipotea saa nne kamili, zikapotea tena saa tano kamili, na katikati ya saa hizo hali ilikuwa shwari. Antena haijui saa ni ngapi. Mita ndizo zinazojua, nanyi mmezipanga ziseme zote kwa pamoja.

1. Kila mita iwe na dakika yake. Ni mstari mmoja wa msimbo wa programu, uandikeni leo.

LoRaWAN yetu, mtandao wa redio unaobeba ujumbe wa mita, inarithi ALOHA, mtandao wa redio wa Norman Abramson na wenzake, iliyoanza kazi Hawaii mwaka 1971: ukiwa na neno, sema; mkigongana, subiri kidogo urudie. Wote mmekariri kikomo cha uwezo wa chaneli unaotumika bila kugongana: asilimia 18.4, na 36.8 muda ukigawanywa vipande. Sharti la hesabu hiyo ndilo mnalolisahau: watumaji wawe hawajapatana.

2. Mbegu ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzia inayozaa namba zote zinazofuata: mbegu moja, mfuatano mmoja. Hili liliniumiza, nalisema lote. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga mita za umeme kwenye majengo ya kupangisha. Niliweka kusubiri kwa nasibu kabla ya kila ombi la kujiunga na mtandao, muda ukirefuka kila ombi linaposhindwa. Mezani nilizijaribu moja baada ya nyingine, zikaenda vizuri. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, zikapanda hewani mita chache tu zilizo karibu na getiwei. Nikabadilisha antena. Nikarudi na laptopu nikapandisha SF (kipimo cha redio: kikipanda, ujumbe unafika mbali zaidi lakini polepole), mita kwa mita, na kila hatua ya SF inakaribia kuzidisha mara mbili muda wa pakiti kukaa hewani, kwa hiyo nilikuwa naongeza migongano kwa mkono wangu. Msimamizi wa jengo anapiga simu, wapangaji wanauliza salio, nami nawajibu "ni mtandao". Usiku wa tatu niliweka mita mbili mezani, nikaziwasha kwa ekstensheni moja, nikasoma logi, kumbukumbu za kila ilichofanya mita. Ya kwanza ilisubiri sekunde 7, halafu 19, halafu 31. Ya pili: 7, 19, 31. Hata chaneli zilichagua ileile. Nilikuwa nimeandika mbegu moja ndani ya fimuwea, programu inayoendesha mita, na kuipakia kwenye mita zote, kwa hiyo zilisubiri pamoja na kurudia pamoja. Nikawakumbuka mafundi niliowapandisha paani jua la saa saba, kwa kosa lililokuwa kwenye mstari wangu. Asubuhi niliwaomba radhi mmoja mmoja.

Mbegu ichanganyeni na DevEUI ya mita yenyewe, namba yake ya utambulisho isiyofanana na nyingine, na kelele ya redio kama chipu inawaruhusu kuisoma.

3. Msidai jibu la "nimepokea" kwa kila usomaji. Getiwei nyingi zikituma hazisikii; mita moja ikijibiwa, zilizosema wakati huo zimepotea. Libakizeni kwa amri ya kukata umeme na mengine ya uzito huo.

Fimuwea mpya inapakiwa Ijumaa. Kabla sijaisaini nitaomba mita mbili, ekstensheni moja na logi zake.