Kiungo kifupi katika tangazo la serikali
Je, ofisi ya umma itumie bit.ly, huduma ya kufupisha anwani za tovuti, katika matangazo yake? Hata pale isipokatazwa si busara, kwa sababu mwananchi anayepokea kiungo hicho kwa ujumbe wa simu haoni popote alama ya serikali (.ly yenyewe ni alama ya anwani za Libya), na tapeli anaweza kutengeneza cha kufanana nacho kwa dakika moja. Singapore wanatumia go.gov.sg, huduma ya serikali yenyewe ya kufupisha viungo, ambako watumishi wa umma pekee ndio wanaounda viungo. Hata hivyo, kwenye mabango na fomu zilizochapwa ningeandika anwani kamili, kwani huduma hizi hufungwa: goo.gl ya Google iliacha kupokea viungo vipya mwaka 2019.