Katuni ya gazeti iliyomtia mgombea urais matatani

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna katuni ya gazeti iliyowahi kumwangusha mgombea urais Marekani. Itafute ile ya Walt McDougall, ukurasa wa mbele wa New York World, tarehe 30 Oktoba 1884.

Usiku uliotangulia, James Blaine, mgombea urais wa chama cha Republican, alikuwa amealikwa mlo wa jioni na matajiri katika mgahawa wa kifahari wa Delmonico's. McDougall akamchora katikati ya meza pamoja na mabwanyenye kama Jay Gould, na vyakula vimeandikwa majina: kuna hadi supu ya ukiritimba! Mbele ya meza yupo fukara na mkewe na mtoto wao, wananyoosha mikono kuomba makombo, wala hakuna anayewajali. Itazame vizuri sehemu hiyo, maana ndipo uchungu wote ulipo. Hata mhamiaji asiyejua Kiingereza aliielewa papo hapo.

Wademokrati, chama cha mpinzani wake Grover Cleveland, waliisambaza kwa mabango. Blaine akashindwa jimbo la New York kwa kura elfu moja na ushei tu kati ya zaidi ya milioni moja, na jimbo hilo ndilo lililompa Grover Cleveland urais. Mimi siipi katuni sifa zote, kwa sababu siku ileile ya mlo mchungaji mmoja aliyemuunga mkono Blaine aliwatukana Wakatoliki mbele yake, naye hakumkanusha mapema. Lakini kwa pengo dogo namna ile, naamini mchoro ule ulitosha kuzihamisha kura hizo.

Ukimaliza hiyo, mtafute Thomas Nast, mchora katuni wa jarida la Harper's Weekly, aliyewapa Republican alama ya tembo mwaka 1874.